Zimwi Linaloazima Mguu wa Jirani

Mwaka 1970 Masahiro Mori, mhandisi wa roboti huko Tokyo, aliandika makala fupi katika jarida la Kijapani lililoitwa Energy. Alikuwa ameona jambo katika kazi yake. Roboti ya kiwandani, iliyo chuma na nyaya tu, haimgusi mtu moyoni. Ukiipa uso, mikono na miguu, mtu anaanza kuipenda. Ukizidi kuifananisha na binadamu, mapenzi nayo yanazidi, mpaka inapobaki kidogo tu ifanane naye kabisa. Hapo ghafla mwili unasisimka na mtu anataka kurudi nyuma. Mori alichora mstari unaopanda, ukaporomoka, kisha ukapanda tena upande wa pili. Pale unapoporomoka alipaita bonde, nasi katika safu hii tuliite bonde la mashaka.

Ndani ya bonde hilo Mori aliweka maiti, akaweka mfu anayetembea, na akaweka mkono wa bandia. Alieleza kwamba mikono ya bandia ya siku zake ilikuwa imetengenezwa kwa ustadi mkubwa: ina mikunjo, mishipa, kucha, hata alama za vidole. Ukiiona kwa mbali hushtuki. Ukiushika mmojawapo kwa salamu unakuta ni baridi, umelegea kana kwamba hauna mfupa, na papo hapo unaingiwa na woga.

Makala ile ilikaa miaka mingi bila kusomwa sana nje ya Japani. Tafsiri ya Kiingereza iliyopata idhini ya Mori mwenyewe ilitoka 2012. Leo wabunifu wa katuni, wa michezo ya video na wa filamu za kutisha wanaitaja kama sheria ya maumbile. Wanasema kwamba mtu akiona mwili uliokaribia kuwa wa kawaida lakini haukufika, huogopa, na wala hajifunzi kuogopa huko kwa yeyote. Basi wao wanatumia tu kile kilichomo ndani yetu tayari. Kinachosahaulika ni kwamba mkono wa bandia una mwenyewe. Mori aliuchora peke yake, kama kifaa. Duniani umefungwa kwenye bega la mtu mwenye jina, madeni na watoto wa kusomesha.

Nataka kulitazama bonde hilo kutoka Kisangani, kwa sababu ni mji ambao kiungo cha bandia kina historia, na historia hiyo imeshapigwa filamu.

Kwanza tuanze ng'ambo. Lubunga ni komini pekee kati ya sita za Kisangani iliyo upande wa kushoto wa mto Kongo. Huko ndiko inakoanzia reli ya kilomita 125 iendayo Ubundu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita ili kukwepa maporomoko ya Boyoma. Anayetaka hospitali kubwa au ofisi za mkoa huvuka mto, na mtumbwi hauna daraja la kwanza: mwenye magongo na mwenye gunia la makaa hukaa ubao mmoja. Tangu 2023 komini hii imepita katika mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioua watu na kuwatoa maelfu majumbani mwao. Majeraha si habari ya kusimuliwa huko.

Mjini kwenyewe, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mitaa ya watu. Wenyeji wanaiita Vita ya Siku Sita. Makombora zaidi ya 6,000 yaliangushwa juu ya mji. Waliouawa ni mamia, na majeruhi walizidi elfu moja. Wengi walibaki bila mguu, bila mkono, au na nyama iliyoshonwa vibaya. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda iliwajibika kwa madhara iliyoyafanya Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiagiza ilipe dola milioni 325, ambamo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Kati ya hukumu hizo mbili ilipita miaka 16 na ushei.

Katika kipindi hicho cha kungoja, Dieudo Hamadi, mtengeneza filamu aliyezaliwa Kisangani mwaka 1984 na kusomea udaktari kabla ya kushika kamera, aliwafuata wahanga wa vita hiyo walipoamua kwenda Kinshasa kudai haki yao. Walisafiri kwa mashua kubwa ya mizigo, kilomita zipatazo 1,700 kwa njia ya mto, chini ya maturubai na mvua. Filamu yake, En route pour le milliard, iliteuliwa katika orodha rasmi ya Cannes 2020, ikiwa ya kwanza kutoka Kongo kufika hapo. Humo kuna jambo linalomhusu mbunifu yeyote wa wahusika wa kutisha. Katikati ya safari zimechomekwa sehemu za mchezo wa jukwaani unaoigizwa na wahanga wenyewe. Wanapanda jukwaani na miili yao, wengine wakiwa na viungo vya bandia, wengine bila. Kwa dakika chache za mwanzo jicho la mtazamaji asiyezoea linang'ang'ania mahali pasipo na mguu. Halafu linachoka na kuhamia usoni. Kufikia wanaposukumana na walinzi huko Kinshasa, mtazamaji ana hasira, na hasira hiyo haina uhusiano wowote na idadi ya miguu.

Hilo la jicho kuchoka ndilo ninalotaka kulieleza kitaalamu, kwani ndipo dai la wabunifu linapopwaya.

Hisia yenyewe ipo, na sikatai. Mwaka 2009 watafiti wa Princeton waliwaonyesha nyani nyuso za nyani wenzao za aina tatu: za kweli, za kuchorwa kwa kompyuta zilizo wazi kuwa si za kweli, na za kompyuta zilizokaribia ukweli. Nyani walizitazama kwa muda mfupi zaidi zile za tatu. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni tabia ya watu waliokulia sinema. Lakini mmoja wa watafiti hao, pamoja na mwenzake, alipowapima watoto wachanga, matokeo yao ya 2012 yalionyesha kwamba watoto wa miezi 6 hawakuwa na dalili hiyo, na ilianza kujitokeza kwa wale wa miezi 12. Kuna kitu kilichojengeka katikati, na kitu hicho ni nyuso walizoziona. Mtoto hazaliwi na picha ya mtu wa kawaida kichwani. Anaikusanya kwa wale wanaombeba, wanaompita na wanaoketi karibu naye.

Wapo wanaosema chanzo ni kinga dhidi ya maradhi. Mwaka 2003 watafiti huko Kanada walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba watu wanaojiona wepesi wa kuambukizwa huwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kuhusisha ulemavu na ugonjwa, hata pale ambapo ulemavu wenyewe hauambukizi kabisa. Tahadhari hiyo hubweka kama mbwa wa lindo, anayembwekea mwizi na shangazi vilevile. Kubweka kwake kunatueleza habari za mbwa. Hakutuelezi chochote kuhusu shangazi.

Maelezo mengine, ambayo mimi nayaona yana nguvu zaidi, ni ya kutolingana. Tunashtuka pale sehemu mbili za kitu kimoja zinapotoa habari tofauti: uso wa roboti wenye sauti ya mtu, ngozi laini kama ya mtoto yenye macho yasiyocheza, tabasamu ambalo mashavu hayakulifuata. Mkono wa Mori ulitisha kwa sababu jicho liliahidi joto na kiganja kikakuta baridi. Jambo hilo ni la vitu vilivyotengenezwa. Mtu aliyekatwa mguu katika mabomu ya Juni 2000 haahidi kitu asichokuwa nacho. Mwendo wake unalingana na mwili wake barabara, na anayemtazama kwa wiki mbili hauoni tena kuwa mwendo wa ajabu.

Tukija kwenye filamu za kutisha, msamiati wa umbo la zimwi unajirudia mno. Freddy Krueger wa 1984 ana uso wa mtu aliyeungua moto. Jason wa filamu za Friday the 13th, zilizoanza 1980, alikuwa mtoto mwenye kichwa kisicho na umbo la kawaida aliyezama ziwani. Kabla ya wote hao, mwaka 1932, Tod Browning alitengeneza Freaks akiwatumia watu wenye ulemavu waliokuwa wakijipatia riziki katika maonyesho ya sarakasi. Ndani ya hadithi wao ndio waliodhulumiwa, na wabaya ni wale wawili wenye miili mizuri, mpaka mwishoni ambapo filamu inawafanya hao waliodhulumiwa watambae matopeni kwenye mvua ili watuogopeshe. Uingereza iliipiga marufuku kwa miaka kama 30. Huwa najiuliza kama wakaguzi wa London walikerwa na kutambaa kule, au na zile sehemu za mwanzo ambazo watu hao wanafua nguo, wanazaa na kuchumbiana.

Nyakati za karibuni lawama zimefika kwenye studio zenyewe. Mwaka 2018 taasisi ya filamu ya Uingereza ilitangaza kwamba haitatoa fedha kwa filamu ambamo kovu la usoni ndilo alama ya ubaya wa mtu, ikiunga mkono kampeni ya shirika la Changing Faces. Mwaka 2020 filamu The Witches ilionyesha wachawi wenye mikono iliyokosa vidole, jambo ambalo halimo katika kitabu cha Roald Dahl, na wenye mikono ya namna hiyo wakajipiga picha na kuuliza kama wao ni wachawi. Warner Bros. waliomba radhi, na mwigizaji Anne Hathaway naye akaomba. Mbunifu wa mikono ile hakuwa na chuki, naamini. Alitafuta njia ya mkato ya kuashiria kwamba huyu si mtu kamili, akaikuta mahali ambapo wengi wameikuta kabla yake.

Sasa nije kwenye kisa kinachovuruga mambo kidogo. Javier Botet ni mwigizaji wa Hispania mwenye ugonjwa wa Marfan, unaorefusha viungo na kulegeza maungio. Ni mrefu wa takriban mita mbili, mwembamba sana, na amejenga jina kubwa kwa kucheza mazimwi: katika REC mwaka 2007, katika Mama mwaka 2013, na katika It mwaka 2017, ambamo anacheza mwenye ukoma anayemkimbiza mtoto. Anaifanya kazi hiyo kwa hiari na kwa ustadi, na mimi sina haki ya kumwambia aiache. Ila itazame ile nafasi ya 2017. Wamechukua mwili wa mtu mwenye maradhi ya kurithi, wakauvika maradhi mengine ambayo dunia ina wagonjwa wake hai, wakamtuma kumtisha mtoto.

Ukoma tunaujua. Kilomita chache chini ya Kisangani, kwenye ukingo wa mto, ipo Yakusu, misheni ya Wabaptisti ambako daktari Stanley Browne alifanya kazi kuanzia 1936 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa mmoja wa mabingwa wa ukoma duniani. Hollywood ilifika hapo pia: sehemu za The Nun's Story, iliyotoka 1959, zilipigwa Yakusu, na Audrey Hepburn akakutana na Browne. Hatua zinazomfanya mgonjwa apoteze vidole zinafahamika vizuri. Bakteria hushambulia neva, ngozi hupoteza hisia, mtu huungua au hujikata bila kujua, kidonda huoza, na mfupa hupungua. Pua hudidimia, kope hushindwa kufumba. Tangu 1981 pana mchanganyiko wa dawa unaouponya ugonjwa huo kwa miezi 6 hadi 12, na dawa hizo hutolewa bure. Kongo bado imo miongoni mwa nchi za Afrika zenye wagonjwa wengi wapya. Wanachelewa kwenda hospitali kwa sababu kadhaa, na aibu ni mojawapo. Pua iliyodidimia, kope zisizofumba, vidole vilivyoisha, ngozi yenye mabaka: mfu anayetembea wa sinema karibu wote wamechorwa kwa kunakili orodha hiyo. Mtoto aliyelelewa na picha zile akiona mabaka mgongoni mwake, atamwambia nani?

Kwetu hatari haiishii kwenye aibu. Hapa Kongo picha ya zimwi ina jina la nyumbani, ndoki, yaani mchawi, na humo nyumbani ndimo inamotafutwa. Filamu za Naijeria za uchawi zimeoneshwa kwa miaka mingi, michezo ya televisheni ya Kinshasa imejaa habari hizo hizo, na baadhi ya wahubiri huzitumia kama ushahidi. Mwaka 2010 UNICEF ilitoa uchunguzi juu ya watoto wanaotuhumiwa uchawi barani Afrika, na miongoni mwa walio hatarini zaidi ikawataja watoto wenye ulemavu wa mwili, wenye kifafa, wenye ualbino, hata wenye kigugumizi. Ukiisoma orodha hiyo kwa jicho la mbunifu wa filamu za kutisha utaitambua mara moja: ni ile ile anayoitumia yeye. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Hata hivyo watoto wanaendelea kufukuzwa majumbani. Tanzania nayo iliona mahali picha kama hizo zinapoweza kufika, katika mauaji ya watu wenye ualbino yaliyovuma Kanda ya Ziwa tangu katikati ya miaka ya 2000. Sidai kwamba filamu ndizo zilizoua. Nasema muuaji alikuta wazo la kwamba huyu si mtu kama sisi limeshaandaliwa, na wasimulizi walikuwa miongoni mwa waandaaji.

Tena sisi tumo pande zote mbili za jambo hili. Mwandishi Joseph Conrad alipanda mto mpaka maporomoko ya Stanley, ndiyo Boyoma ya leo, mwaka 1890, na riwaya aliyoiandika baadaye iliufanya ukingo huu kuwa makao ya utisho katika vichwa vya wasomaji wa Ulaya. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo wa video wenye Afrika ya kubuni, ambamo walioambukizwa na kugeuka maadui wanaitwa majini. Tulikasirika, na kwa haki. Jirani yetu mwenye gongo anakasirika kwa sababu hiyo hiyo.

Je, hadithi za kutisha ziachwe? Hapana. Watu wa Kisangani wanapenda kuogopeshwa kama watu wa kwingine. Mori mwenyewe, katika makala ile ile, alitoa ushauri ambao wanaomnukuu huuruka. Aliwaambia watengenezaji wasihangaike kukimbilia kilele cha pili, kule kwenye kufanana kabisa na binadamu. Watafute umbo lisilo la binadamu lakini lenye mvuto wake. Alitaja miwani, ambayo haifanani na jicho na bado humpendeza mtu usoni, na mkono wa mti uliochongwa na mchonga sanamu za Budha, ambao hakuna anayeuogopa. Ushauri huo unamfaa mtengeneza mazimwi vilevile. Wachongaji wa Kimakonde walishaufanyia kazi bila kumsoma. Mtindo wa shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa wa miaka ya 1950, unachanganya mzizi, ndege, matiti, pembe na mdomo mpaka hakuna jirani wa mtu yeyote anayeweza kujikuta ndani yake. Shetani hizo zina jicho moja na mkono mmoja mara nyingi, kweli, lakini hazikuazimwa kutoka wodi ya majeruhi.

Na ile nadharia ya kutolingana inampa mbunifu mengi ya kucheza nayo bila kugusa mwili wa mtu. Sauti inayotoka mahali ambapo mdomo haupo. Kivuli kinachochelewa kidogo nyuma ya mwenye nacho. Mtu mzima mwenye afya tele anayetabasamu sekunde tatu zaidi ya inavyostahili. Injini ya mtumbwi inayosikika mtoni usiku bila mtumbwi. Hizo hazihitaji gundi ya kutengenezea makovu, na kwa bajeti zetu hilo si jambo dogo.

Sanaa hai ipo mjini. Studios Kabako ya mwanadansi Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu kule mwisho wa ile reli, ina makao Kisangani tangu 2006 na imefanya kazi Lubunga pia. Vijana wenye simu na hamu ya kupiga filamu fupi ya kutisha hawakosekani pande zote mbili za mto. Kwao nina ombi moja. Mkishaandika hadithi, kabla ya kutafuta rangi, ipelekeni kwa chama cha watu wenye ulemavu cha komini yenu, isomwe kwa sauti mbele yao, na hapo hapo wagawieni nafasi: ya daktari, ya mwizi, ya mchumba, na ya zimwi pia kama kuna anayeitaka. Sheria namba 22/003 ya 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu imeshatoka. Msingoje serikali iwakumbushe.